INJINI IKIKATAA KUZUNGUKA, IPIMWE KABLA YA MTU KUKATWA MSHAHARA

Ndugu Wanachama,

Katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watadhani si la Chama. Twataka kusema juu ya injini kuukuu ya boti iliyokataa kuzunguka katika Ziwa Jipe, na juu ya mfanyakazi mwenzetu aliyeambiwa ya kuwa yeye ndiye aliyeiua, na ya kuwa atailipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka deni liishe. Wenye kuuliza injini ya boti yamhusu nini mtu wa reli hapa Voi, au mkata mkonge wa Mwatate, au mpishi wa hoteli ya mbugani, twawaomba wasome mpaka mwisho. Wataona ya kuwa jambo hili ni letu sote.

Wale wasiofika huko wajue kwanza mahali penyewe. Ziwa Jipe liko kusini ya Taveta, mpakani kabisa. Upande wetu ni Taita Taveta na mbuga ya Tsavo Magharibi. Ng'ambo ni Tanzania, chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Maji yake huletwa na mto Lumi utokao upande wa Kilimanjaro, na huondoka kwa mto Ruvu kwenda kuungana na maji ya Pangani. Mto Lumi hauleti maji peke yake, huleta na udongo. Kwa hiyo ziwa halina kina kirefu, matope ni mengi, na matete yameota kwa wingi pande zote. Ndani ya matete hayo mna viboko na mamba. Boti ikizimika katikati ya ziwa, upepo huisukuma polepole mpaka ndani ya matete, na mtu hawezi kushuka akaenda kwa miguu. Basi injini ya boti huko si starehe. Ni kama breki za gari katika mteremko wa kutoka Wundanyi.

Mwenzetu huyu ni mwendesha boti. Boti yake ina injini ya kupachika nyuma, ya silinda mbili, yenye kuwashwa kwa ufunguo na betri. Ni injini ya zamani. Kabla ya kuletwa ziwani ilikuwa imefanya kazi miaka mingi baharini, na mwajiri aliinunua ikiwa imekwisha tumika. Asubuhi moja mwenzetu aligeuza ufunguo, injini ikalia tak-tak-tak, isizunguke. Msimamizi akaja. Akaleta betri nyingine iliyojaa moto, ikalia vile vile tak-tak-tak. Hapo msimamizi akakata shauri: betri ni nzima, basi injini imekwama, injini imekwama, basi mwendeshaji hakuchanganya oili katika petroli, hakuchanganya oili, basi ameiua mali ya tajiri, na ailipe. Shauri lote lilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Barua ya onyo ikaandikwa siku ile ile, na mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa.

Mwenzetu alipanda gari mpaka Voi akaja ofisini kwetu na barua mkononi. Twakiri hapa mbele yenu ya kuwa sisi nasi tulikuwa karibu kukosa. Tulikasirika, tukaanza kuandika barua kali ya kumjibu mwajiri, imejaa maneno ya dhuluma na unyonyaji. Ndipo mjumbe mmoja wa kamati, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa magari tangu ujana wake, akauliza swali moja tu: "Je, kuna mtu aliyetoa plagi akaizungusha injini kwa mkono?" Tukamtazama mwenzetu. Akasema hakuna. Mzee akasema, "Basi msiandike neno. Msimamizi hajui kama injini imekwama, na ninyi hamjui kama haikukwama. Nyote mwabishana gizani."

Tukaiacha barua. Tukaomba ruhusa kwa mwajiri, na ruhusa ikatolewa, kwamba injini ipimwe mbele ya msimamizi, mbele ya mwendeshaji, na mbele ya mjumbe wa Chama. Mzee akatia mita yake na spana mfukoni, tukashika njia ya Mwatate, Bura, Maktau, mpaka upande wa Taveta, tukateremka ziwani.

Yaliyofanyika pale twayaeleza kwa utaratibu wake, maana utaratibu huo ndio tunaotaka kila mwanachama aujue.

Kwanza mzee alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Iko injini inayozunguka lakini haiwaki, na iko injini isiyozunguka kabisa. Inayozunguka bila kuwaka yaweza kuwa na shida ya petroli, au kabureta, au moto wa plagi. Isiyozunguka haijafika huko. Anayefungua kabureta ya injini isiyozunguka apoteza siku yake na kuharibu kilichokuwa kizima.

Pili, aliondoa hatari. Tangi la petroli likawekwa mbali, kifuniko cha injini kikafunguliwa na kuachwa mpaka harufu ya petroli ikaisha, maana cheche moja ya betri penye mvuke wa petroli yatosha kuwaunguza watu. Ile klipu ya kamba ya usalama ikatolewa ili injini isiwake ghafula. Hapana mtu aliyeruhusiwa kusimama karibu na propela.

Tatu, akatazama gia. Injini nyingi za namna hii zimewekewa swichi inayozuia stata isifanye kazi wakati gia imeingia, ili boti isiruke na kumtupa mtu majini. Swichi hiyo ikilegea, au mkono wa gia usipokaa sawasawa katika nyutro, ufunguo utageuzwa mpaka jioni na stata itakaa kimya. Hata zile zinazovutwa kwa kamba, nyingi zina kizuizi cha namna hiyo hiyo. Hapa gia ilikuwa katika nyutro, na kwa kuwa ilikuwa ikilia tak-tak-tak, umeme mdogo wa ufunguo ulikuwa ukipita.

Nne, akatuambia tusikilize sauti, kwa kuwa sauti ndiyo maneno ya injini. Ikiwa kimya kabisa, tafuta fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya nyutro, au waya mwembamba uliokatika. Ikilia tak moja tu kisha basi, tafuta katika waya mnene wa stata, katika kaboni za stata, au huenda injini kweli imekwama. Ikilia tak-tak-tak upesi upesi, mara nyingi umeme hautoshi: ama betri ni dhaifu, ama umeme wapotea njiani. Na stata ikilia vuuu peke yake na injini haisogei, basi gia ndogo ya stata haipandi kuishika injini. Mara nyingi imeshikwa na kutu au uchafu tu.

Tano, plagi zote mbili zikatolewa. Akalishika lile gurudumu zito lililo juu ya injini, akalizungusha kwa mikono miwili. Ndugu zangu, lilizunguka! Lilizunguka laini, bila kukwaruza, mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Akamwita msimamizi aweke kidole gumba juu ya tundu la plagi ya kwanza, kisha la pili, na kila pistoni ilipopanda kidole kikasukumwa na pumzi. Plagi zilikuwa na unyevu wa oili, si kavu wala hazikuungua. Hapo shauri la msimamizi likaanguka. Injini haikukwama, wala haikukosa oili.

Sita, ilibaki kujua umeme wapotelea wapi. Betri ilikuwa nzima, mita ilisoma zaidi ya volti 12. Mzee akashika ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia mwendeshaji ageuze ufunguo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna waya mmoja tu, na waya mzima hauli umeme. Mshale wa mita ungekaa karibu na sifuri, usifike hata nusu ya volti. Lakini kila ilipolia tak, mshale uliruka mbali. Basi waya wenyewe ndio uliokuwa ukila umeme. Kuthibitisha, akachukua waya mnene kama ule watumiao madereva kuazimana umeme, akaunganisha kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini. Ufunguo ulipogeuzwa, injini ilizunguka mara moja kwa nguvu.

Tulipouchuna ule waya wa zamani, kwa nje mpira ulikuwa mzima, mweusi, mzuri. Ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Ni chumvi ya bahari iliyoingia miaka mingi kabla ya injini hiyo kuona Ziwa Jipe, ikatambaa chini ya mpira ikiila shaba kidogo kidogo. Waya mpya ulinunuliwa kwa fedha isiyofika ujira wa siku mbili. Na kwa ajili ya waya huo, mtu mwenye watoto alikuwa amehukumiwa kulipa injini nzima.

Sasa twataka kusema maoni yetu.

Maoni yetu ni haya: chombo cha kazi kikiharibika, hapana mtu yeyote mwenye haki ya kumtaja mwenye kosa kabla chombo hakijapimwa. Si msimamizi, wala si Chama. Kulaumu kabla ya kupima ni uvivu, hata kama kunafanywa kwa sauti kubwa. Na uvivu huo sikuzote humwangukia aliye chini, kwa sababu yeye ndiye aliyekishika chombo mara ya mwisho. Injini iliyokuwa ikioza miaka kumi huharibika siku moja, na siku hiyo lazima iwe mikononi mwa mtu fulani.

Wazee wetu waliyajua haya. Chini ya serikali ya kikoloni ilikuwako sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, ambayo ilimfanya mfanyakazi aweze kupelekwa mbele ya hakimu na kuadhibiwa kama mhalifu kwa makosa ya kazini. Bwana alisema, na neno la bwana likatosha. Wafanyakazi wa nchi hii waligombana na desturi hiyo kwa miaka mingi; wa Mombasa waligoma wote pamoja Januari 1947, na vyama vya wafanyakazi havikusimama kwa bahati nasibu. Leo sheria ni nyingine. Lakini sheria hubadilika upesi kuliko tabia za watu.

Basi kila mwanachama aijue sheria ilivyo leo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, lakini kwa sharti moja: uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Soma neno hilo mara mbili: la makusudi. Kuwa karibu na injini siku ilipokataa si makusudi. Tena makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa la kazini, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa Chama kazini awepo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi kuzitunza mashine ili zisiwe hatari kwa wafanyakazi. Kumpa mtu injini yenye waya uliooza akavuke nayo penye viboko ni jambo ambalo mwajiri ndiye wa kulijibu.

Lakini haki iliyo katika kitabu haijitetei yenyewe. Mwajiri akisema ni makusudi, nawe ukasema si makusudi, anayeshinda ni mwenye ushahidi. Na ushahidi wa injini umo ndani ya injini. Ndiyo sababu twasema ya kuwa kujua kupima injini ni kazi ya Chama sawasawa na kujua kuandika barua.

Baadhi ya wanachama hawakupendezwa na safari yetu ya ziwani. Walisema katika mkutano ya kwamba Chama hakikuundwa ili kumtengenezea tajiri injini yake bure, na kwamba injini ikifa ni hasara yake mwenyewe. Twawaheshimu, na swali lao ni la haki. Twajibu hivi. Hatukwenda kumtengenezea tajiri injini. Tulikwenda kuondoa mkono wake katika mshahara wa mwenzetu, na njia ya kufika kwenye mkono huo ilipita katika waya wa hasi. Tena injini ikifa, hasara si ya tajiri peke yake. Boti ikikaa nchi kavu, mwendeshaji huambiwa akae nyumbani, naye aliyekuwa akibeba mizigo ya boti hukaa nyumbani pia.

Wengine wakasema, "Je, mngalikuta kwamba kweli hakuchanganya oili, mngalifanya nini?" Swali hili ni gumu zaidi, na hatutalikwepa. Tungalisema kweli. Chama kisichoweza kusema kwamba mwanachama amekosa, siku moja hakitaaminiwa kinaposema kwamba hakukosa. Lakini hata hapo tungaliuliza: je, alifundishwa? Alipewa kipimo? Injini nyingi za namna hii hutaka oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani nusu lita katika lita 25. Za zamani zaidi nyingine zataka mara mbili ya hiyo. Mtu aliyekabidhiwa injini bila kitabu chake na bila chupa ya kupimia, akachanganya kwa kukisia, amekosa kwa ujinga aliowekewa na mwingine. Na injini yaweza kukwama hata oili ikiwa sawa. Katika Ziwa Jipe majani na matope huziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza. Na ule mpira wa pampu ya maji ukizeeka hupasuka, injini ikachemka mpaka pistoni ikashika. Ndiyo maana mwendesha boti sharti atazame ule uzi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukikatika, zima mara moja, safisha matundu. Usiseme nitafika kwanza.

Na ikiwa injini imeshika kweli, au ilizama na silinda zikaingia maji, kuna adabu yake pia. Toa plagi, acha maji yatoke, tia oili nyepesi katika matundu ya plagi, na kama imeshika ngoja siku nzima au zaidi, kisha jaribu kuzungusha polepole kwa mkono. Asije mtu na bomba refu akalazimisha, wala asiendelee kubonyeza stata huku silinda zina maji, maana maji hayabanwi, na mkono wa pistoni utapinda. Kama yazunguka katika nyutro lakini haizunguki gia ikiingia, tafuta chini: huenda wavu au majani yamejisokota katika propela. Twawajua vijana wengi wenye nguvu waliomaliza kuua injini ambayo ilikuwa mgonjwa tu. Nguvu si dawa ya kila kitu.

Haya tuliyoyasema juu ya boti, badilisha jina la mashine tu, yatafaa kila mahali. Mtu wa mashine ya kuchakata mkonge akiona mota imekataa, apime kabla ya kukubali kwamba ndiye aliyeijaza majani kupita kiasi. Mtu wa pampu ya maji ya shambani Taveta, dereva wa trekta, kijana wa jenereta ya hoteli, fundi wa karakana hapa Voi, wote wana gurudumu lao la kuzungusha kwa mkono kwanza, na waya wao wa hasi wa kuchuna. Anza na kilicho rahisi na cha bei ndogo, kisha nenda kwenye kigumu. Usibadilishe kitu usichokipima. Na usiache kuandika.

Juu ya kuandika, twataka kusisitiza. Mwenzetu aliokolewa na mzee mwenye mita. Lakini kama angalikuwa na daftari, huenda asingalihitaji kuokolewa. Alitukumbusha kwamba miezi miwili kabla ya siku ile alimwambia msimamizi ya kuwa injini imeanza kuzunguka kwa uzito asubuhi. Msimamizi asema hakumbuki. Neno la mdomo huchukuliwa na upepo wa ziwa. Neno lililoandikwa, lenye tarehe na sahihi, hukaa. Kila mwanachama anayeshika mashine awe na daftari, hata la kurasa chache: tarehe, saa alizofanya kazi, petroli na oili alizotia, na kila kasoro aliyoiona na mtu aliyemwambia. Senti chache za daftari zaweza kuwa ngao ya mshahara wa mwaka mzima.

Kwa hiyo, katika mazungumzo yetu na waajiri wenye mashine za namna hii, Kamati ya Tawi imekata shauri kudai mambo matano, nasi twayaweka hapa ili wanachama wayajadili:

1. Mashine ikikataa kazi, ipimwe na fundi mbele ya mfanyakazi mwenyewe na mjumbe wa Chama, na matokeo yaandikwe, kabla ya barua yoyote ya onyo au makato yoyote ya mshahara.

2. Kila mashine iwe na daftari lake, na msimamizi atie sahihi kila anapoambiwa juu ya kasoro.

3. Kila boti iwe na makasia au pondo, nanga, jaketi za kuelea kwa kila mtu aliyemo, spana ya plagi, plagi za akiba, na kamba ya kuwashia kwa mkono betri ikishindwa. Boti isiyo na vitu hivi isitoke.

4. Anayekabidhiwa injini afundishwe kwanza, apewe kitabu chake na kipimo cha oili.

5. Saa za kusafisha na kutazama injini zihesabiwe kuwa saa za kazi na zilipwe. Mashine isiyopewa muda wa kutunzwa itachukua muda huo yenyewe siku usiyoitaka.

Hakuna hata moja katika haya litakalomfilisi mwajiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na waya mmoja ukinunuliwa mapema ni rahisi kuliko boti kusimama wiki tatu. Mwajiri mwenye akili ataona ya kuwa tunamwekea mali yake. Asiyeona, tutamwonyesha kwa subira, kama tulivyomwonyesha yule msimamizi kwa kidole chake mwenyewe.

Mwisho, mtataka kujua habari za mwenzetu zimeishia wapi. Boti inafanya kazi. Fedha zilizokatwa mwezi ule zimerudishwa. Msimamizi, twamsifu kwa hili, alimpa mkono pale pale ufukoni mbele yetu. Lakini ile barua ya onyo bado imo katika faili lake, na twaambiwa kwamba barua ikishaingia faili haitoki. Sisi hatukubali. Barua iliyoandikwa juu ya kosa lisilokuwako ni waya uliooza ndani. Kwa nje haionekani, lakini siku ya kupunguza watu itakula umeme. Tumeandika kudai iondolewe, na barua yetu safari hii haina maneno makali. Ina matokeo ya kipimo, tarehe, na sahihi tatu, mojawapo ya msimamizi mwenyewe.

Wanachama wote wenye mashine mikononi wanaombwa kuja ofisini Voi Jumapili yoyote baada ya ibada. Mzee wetu ameahidi kufundisha matumizi ya mita ya umeme, bila malipo. Njoni na madaftari.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi,
Kamati ya Tawi, Voi